Mshipi Unaofunguka

Jumamosi, 4 Oktoba

Uji. Kunawa. Shati. Vifungo. Kiti mlangoni. Jumamosi inaanza kama Jumatatu, ila bila sare ya shule. Baba hataki viatu. Tangu kiharusi kilipompiga kabla ya Pasaka anavaa kandambili tu. Viatu ni vya mtu anayetoka, na yeye hatoki. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoachiwa akitunze. Maneno yamebaki machache na anayatoa kwa ubahili.

Mama alikwisha kuondoka. Kila alfajiri anavuka mpaka kwenda Goma na vitenge vyake. Kwa hiyo ni mimi.

Leo nilifagia chini ya kitanda chao nikatoa fimbo ya kuvulia na ile rili kubwa, mashine ya kukunjia mshipi, ambayo Baba alikuja nayo kutoka Bukoba, familia iliporudi Rwanda. Nilitaka kufuta vumbi tu. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa. Akazungusha mpini wa rili mpaka jua likafika utosini. Mlio wake kama mende ndani ya kopo. Shingo iliniuma kwa kumtazama. Ni kitu cha kwanza alichokitaka tangu Pasaka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha yetu, mimi na yeye. Shuleni Kiingereza, kwa Mama Kinyarwanda. Hiki ni cha Baba.

Jumapili, 5 Oktoba

Shangazi alishuka kutoka Bugeshi, kule milimani, baada ya ibada. Gunia la viazi, kibuyu cha maziwa, na uamuzi. Alizungumza na Mama sebuleni. Mimi nilikuwa nikimenya viazi, nikasikia yote. Baba pia alisikia, maana kiti chake kiko palepale.

Uamuzi ni huu. Muhula ukiisha, Baba anapelekwa Bugeshi. Huko kuna wanaume wa kumnyanyua, kuna maziwa, kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Hapa anabaki peke yake mpaka nitoke shule. Mama alijaribu kusema kwamba labda atapata nguvu. Shangazi akamjibu kwamba mtu anayekaa kitini mjini anaweza kukaa kitini kwake vilevile. Wakakubaliana hivi: kabla ya muhula kuisha, Baba akianza kujitoa mwenyewe nje, kama mtu, anabaki. La sivyo anapanda.

Mama alipoondoka kumsindikiza Shangazi, Baba alisema neno moja. "Baridi."

Mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi. Niliona asubuhi isiyo na vifungo vya mtu mwingine. Kisha nikaona haya. Nimechoka, hiyo ndiyo sababu, lakini haya haisikilizi sababu.

Jumatano, 8 Oktoba

Maktaba ya shule. Wengine walikuwa wakisoma kemia. Mimi nilisoma habari za rili.

Ziko aina mbili. Ile ya vijana wa ufukweni, ngoma yake, pale mshipi unapokunjwa, haizunguki. Mshipi unajimwaga wenyewe. Ya Baba ni ya zamani zaidi na ngoma yake yenyewe inazunguka unaporusha. Risasi, kile kizito cha nchani, inavuta mshipi, mshipi unazungusha ngoma. Ngoma ikienda mbio kuliko risasi, mshipi unafumuka na kujisokota. Breki ni kidole gumba. Kwa hiyo anayejifunza anajifunza kidole.

Kisha mshipi wenyewe. Kuna wa nailoni. Kuna wa kusuka, nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Kuna mwingine mgumu usioonekana majini, huo sijawahi kuuona hapa. Wa kusuka ndio wenye nguvu kuliko yote kwa unene uleule. Nikauchagua. Ilionekana wazi. Ukipewa majibu matatu, unachukua lenye nguvu.

Wazo langu ni dogo. Anataka rili. Rili haina mshipi. Nikijifunza kurusha, atataka kuona. Akitaka kuona, itabidi atoke.

Sijui kama nafanya hivi ili abaki au ili nisijilaumu akienda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mbugangari, kwenye duka la nyavu na kamba. Nilisimama nje mpaka wateja wakaisha, sipendi kuuliza mbele ya watu. Muuzaji ni mtu wa Goma, mcheshi. Nilipomwonyesha picha ya rili akacheka kwanza. Hapa watu wanavua sambaza, samaki wa urefu wa kidole.

"Iyi machine ni ya kuvua nini, dada? Munavua tembo?"

Nikasema ni ya kujifunzia. Akasema bon, haya basi, kila mutu na ugonjwa wake. Akaniuzia wa kusuka, kijani.

Nyumbani nilimwonyesha Baba. Alitikisa kichwa. Nikadhani ni kichwa tu, siku hizi kinatikisika. Nikaujaza kwenye ngoma mpaka ukingoni.

Tulikwenda uwanja ulio nyuma ya kanisa. Alitembea. Mkongojo mkono wa kushoto, ule wa kulia nimeulaza begani mwangu. Si mbali na kwetu lakini tulipumzika mara nyingi, na nilipomketisha kwenye kigoda mgongo wangu ulikuwa umelowa. Mbuzi, watoto, nyasi zenye maji. Nilifunga nati ya gari badala ya risasi. Ndoana sikuiweka.

Nikarusha. Nati ilianguka karibu na viatu vyangu. Mlio mmoja mbaya, kisha ngoma ikawa kama kichwa cha mtu aliyeamka. Nilivuta ili kufungua. Mshipi ukanikata kidole. Watoto waliuliza kama tunavua mbuzi.

Mama alipoiona jioni alisema tumepika makaroni.

Lakini alitoka. Naandika tena: Baba alitoka.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku tatu za makaroni. Nafungua baada ya kuosha vyombo, kwa sindano. Mshipi wa kusuka umezama chini ya mshipi mwenzake, umejibana, hauonyeshi unakoanzia. Ni mwembamba mno, hauvutiki, na kila fundo likikazwa linakuwa kama mbegu. Leo nilikata wote kwa kisu.

Mtihani mdogo wa kemia nimeanguka. Mwalimu alinirudishia karatasi ikiwa imekunjwa mara mbili. Afadhali angenifokea.

Nilichojifunza: nguvu haisaidii kama huwezi kufungua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbaya.

Nilirudi kwa muuzaji. Safari hii nailoni, nene. Nilikuwa nimefikiri. Mnene unaonekana, unashikika, kidole kitausikia ukipita. Hauendi mbali, lakini mimi siendi mbali. Muuzaji aliutoa rafuni ukiwa umezungushwa kwenye chupa ya soda tangu zamani, ndivyo wanavyouza hapa. Akasema huo ni mushipi ya bazee, haina haraka.

Tatizo ni chupa. Umekaa hivyo, nao umejifunza umbo la chupa. Niliuingiza kwenye ngoma, ukakaa kama springi za godoro. Uwanjani, mara tu nilipoinua kidole, pete zote zikaruka nje. Mara ya pili vilevile. Mvua ikaanza. Baba kwenye kigoda, mimi nimeshika makaroni mengine, na yeye akanionyesha kwa mkono wa kushoto kitu nisichokielewa. Anazungusha vidole hewani, anavibana. Nikamwuliza nini. Anazungusha tena.

Nilimfokea. Mbele ya watoto. Nilisema, "Basi rusha wewe."

Akashusha mkono.

Tulirudi na mvua. Alilowa. Nilimkausha nywele kwa taulo na hakunitazama. Mshipi nikaurudisha kwenye chupa. Ndiyo namna pekee nilivyojua ya kuutunza.

Jumatano, 22 Oktoba

Hataki kuamka kitandani. Hata kiti cha mlangoni hataki. Nampa uji hukohuko.

Shangazi alipiga simu. Chumba kimepakwa chokaa. Aliniuliza mimi, si Mama, kama naona kuna mabadiliko. Nikasema hapana. Akasema pole mwanangu, umebeba vya kutosha. Nikasema asante.

Sikujisikia vibaya. Hilo ndilo baya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulizibua mitaro ya mtaa mpaka magari yaliporuhusiwa kupita tena. Mama Kevine, jirani yetu, aliniuliza habari za mzee kisha akasema mbona hatujampeleka kwenye maji ya moto ya Rubona, wenye viungo vilivyokufa wanapelekwa huko na wanarudi wanatembea. Nimesikia hayo tangu nikiwa mdogo. Nilimwambia Mama kwa kutimiza wajibu. Mama akasema Jumapili ya wiki ijayo hatavuka. Tutakwenda.

Mikono yangu inanuka matope bado.

Jumapili, 2 Novemba

Nataka kuandika hii vizuri ingawa macho yanafunga.

Tulikodi gari la jirani mpaka Rubona. Baba alikubali kuvaa, nikashangaa. Alitaka pia kubeba begi la taulo yeye mwenyewe, akalikumbatia njia nzima. Ziwa upande wa kulia, hakuacha kulitazama.

Kwenye chemchemi kulikuwa na watu wengi. Maji yanayotoka kwenye mawe yanaweza kukuunguza. Wengine walikuwa wakichemshia mihogo na mayai ndani ya mifuko. Chini kidogo, yanapochanganyika na ya ziwa, unaweza kukaa. Pale kuna wanaume wanaokanda watu kwa kazi. Mmoja mrefu alimchukua Baba, akamketisha maji ya kiunoni, akamkanda bega, kiwiko, kiganja. Alikuwa akizungumza na mkono badala ya mwenye mkono. Kisha akamwambia Mama:

"Mukono hii haikufa, mama. Iko nalala tu. Munaiacha inalala sana."

Baba aliniashiria begi. Nikampelekea taulo. Akalisukuma taulo kando, akaingiza mkono wa kushoto chini kabisa akatoa chupa. Chupa yenye mshipi. Alikuwa ameificha humo nyumbani. Akaitumbukiza majini na kuikandamiza chini kwa goti.

Mama aliniangalia. Mimi sikujua. Nilidhani amechanganyikiwa, nikaona aibu kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Tukasubiri. Yule mrefu aliendelea kukanda. Baba alipoitoa chupa alinipa ncha ya mshipi. Nikavuta kidogo.

Ulikuwa umelainika. Springi zilikuwa zimeisha. Ulining'inia mkononi kama uzi wa kawaida.

Kisha akafanya tena ile ishara ya uwanjani. Vidole vinazunguka hewani, vinabana. Safari hii niliielewa. Uzungushwe ukiwa na joto, ukiwa umebanwa. Rili ilikuwa kwenye gari, maana asubuhi Baba hakukubali iachwe nyumbani. Nilikimbia. Mama alichomeka kijiti mdomoni mwa chupa akaishika ili izunguke. Mimi nilizungusha mpini. Kati yetu alikaa Baba ndani ya maji, na mshipi ulipita kwenye kitambaa chenye maji alichokishika kwa vidole vya mkono wa kulia.

Wa kulia. Yeye mwenyewe aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauweka pale, akavifunga vidole kimoja kimoja. Vikabaki vimefungwa. Mshipi ulipita umekaza, ukalala kwenye ngoma kimyakimya, mstari kando ya mstari. Kabla haujafika ukingoni akasema, "Basi." Nikaacha.

Yule mrefu alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula yai. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Si nilisema?"

Mama alinawa uso mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 8 Novemba

Uwanja. Bonyeza kidole kwenye ngoma. Achia klachi, ile swichi inayoiacha ngoma izunguke. Fimbo nyuma, pole pole, fimbo mbele. Inua kidole, lakini kidogo tu, kiguse bado, kama unagusa uso wa mtoto uone kama ana homa. Nati ikiisha kwenda, bonyeza.

Ilikwenda. Haikufika katikati ya uwanja, lakini ilikwenda na mshipi ukabaki mahali pake. Baba alicheka, ule mcheko wa upande mmoja. Tulirudia mpaka gumba langu likawa jekundu.

Nilimwomba radhi kwa yale ya siku ya mvua. Akafanya kana kwamba hakusikia. Kisha akanipa peremende aliyoificha mfukoni, sijui tangu lini.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimechoka mpaka kwenye meno. Fizikia, kufua, uji, uwanja, fizikia.

Mama Kevine ananiambia mzee anafika peke yake mpaka ukutani mwa kanisa nikiwa shule, anakaa, anarudi. Kwa kandambili. Sikumwambia Mama. Natunza habari hiyo kama akiba.

Jumamosi, 22 Novemba

Asubuhi nilikuwa shule kwa masomo ya ziada. Niliporudi, kiti kitupu. Kitanda kitupu. Fimbo na rili hazipo. Ukutani mwa kanisa hayupo.

Nilikimbia na begi mgongoni. Nilimwuliza kila mtu, mimi ambaye siulizi. Mwendesha pikipiki mmoja alisema kuna mzee alianguka barabarani karibu na soko, mwenzake akampakia akampeleka alikotaka. Alitaka wapi? Akanyoosha mkono chini, ziwani.

Nilimkuta amekaa juu ya ukuta mfupi wa ufukweni, mbali kidogo na waogeleaji. Suruali ina tope magotini. Kandambili moja haipo. Fimbo imelazwa mapajani, mshipi umepitishwa kwenye pete zote za fimbo, risasi imefungwa. Hilo alilifanya peke yake. Kurusha hakuweza. Alikuwa akinisubiri.

Sikurusha. Nilikunja mshipi. Nilimpangusa tope magotini, kisha nikamrudisha nyumbani.

Mama alipigiwa simu na watu watatu kabla hajafika mpakani. Alikuja amefura. "Nilisema atoke. Sikusema afe." Alimpigia Shangazi hapohapo. Shangazi anakuja Jumapili ya wiki ijayo na gari la viazi. Litarudi naye.

Nilitaka kusema kwamba sharti lilikuwa atoke mwenyewe, na ametoka. Nikaendelea kufua suruali.

Jumapili, 30 Novemba

Shangazi alifika mapema. Gari lilipakua viazi sokoni, yeye akaja kwa miguu. Nguo za Baba nilikuwa nimezikunja tangu jana. Begi dogo. Maisha ya mtu hayajazi begi.

Baba hakukataa. Aliomba tu kwa kidole: ziwa. Mama akasema mara ya mwisho, basi. Tukaenda wote wanne.

Jumapili ufukwe unajaa. Wachumba, wapiga picha, watoto. Nilitamani kuwa jiwe. Baba akakaa ukutani. Shangazi akasimama nyuma yetu na mwavuli wake, kama mtu anayesubiri basi. Upepo ulikuwa umeanza kutoka ziwani. Nilijua upepo wa mbele ni mbaya, unaisimamisha risasi hewani wakati ngoma bado ina mwendo. Nilijua, na bado nikarusha kwa haraka ili nimalize aibu.

Makaroni.

Vijana nyuma walicheka. Mmoja akasema mupeleke kwa kinyozi. Mama akatazama kando. Mimi sikuweza kusogea.

Baba akachukua fimbo mikononi mwangu, akailaza mapajani. Akaweka mkono wa kulia juu ya ngoma. Alianza na pete ya juu. Akaibana kati ya gumba na kidole cha pili, akavuta taratibu, ikatoka. Kisha iliyofuata. Mshipi ni mnene, vidole vile vizito viliusikia. Haukuwa umezama wala umejikaza. Ulikuwa umelegea tu, unangoja. Kila pete iliyotoka alinipa mimi ninyooshe. Wa kusuka usingetoka hata kwa mikono mizima miwili.

Wale vijana walinyamaza, si kwa heshima, walichoka tu kungoja. Shangazi alikuwa amekunja mwavuli. Alikuwa akitazama ule mkono.

Pete ya mwisho ilipotoka, Baba aligeuka. Alisema polepole, kila neno likitafutwa, na ni sentensi ndefu kuliko zote tangu Pasaka.

"Dada. Kwako... nitarusha wapi?"

Shangazi alitazama ziwa. Upepo, watoto, redio ya mtu.

"Kwenye viazi," akasema.

Baba akacheka. Kisha Mama. Kisha Shangazi mwenyewe, akijifuta macho kwa kona ya kitenge, akimwita mkaidi, akisema alikuwa hivihivi Bukoba, alikuwa akiletewa chakula ziwani kama mfungwa.

Nikarusha tena. Upepo ulipotulia, kidole kikigusa. Haikwenda mbali. Ilitumbukia na nikabonyeza kwa wakati wake. Baba akazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, akairudisha.

Gari la viazi liliondoka na Shangazi peke yake. Alisema tutaona Pasaka. Mama Kevine atakuwa akipita mchana. Mama atavuka siku nyingi kuliko anavyotaka, lakini chache kuliko anavyovuka sasa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilizikunjua nguo nikazirudisha mahali pake.

Jumatatu, 1 Desemba

Mitihani inaanza leo. Nimelala kidogo. Hakuna kilichokuwa chepesi zaidi. Maji ni yaleyale, uji ni uleule.

Nilipoingia na shati lake, Baba alikuwa tayari amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa viatu. Viatu vya kutokea, vyenye vumbi la miezi. Cha kushoto alikuwa amekifunga, vibaya, lakini kimefungwa. Cha kulia kamba zilikuwa bado zinaning'inia.

Nikapiga magoti nikakifunga. Kisha nikaenda shule.